Kanda za imla, kwa sikio la mhazili

Wapenzi wa vinasa sauti vya zamani hupenda kusifu jinsi kanda za imla, zile ambazo bosi alisemea barua ili mhazili azichape, zilivyokuwa ndogo. Mimi nilizijua kwa upande wa mhazili, hedifoni masikioni na mguu kwenye pedali, na kanda niliipima kwa jambo moja tu: maneno ya bosi yanasikika au hayasikiki?

Microcassette ya Olympus, ya mwaka 1969, hutembea sentimita 2.4 kwa sekunde, karibu nusu ya kasi ya kaseti ya kawaida. Vinasa vingi vilikuwa na swichi ya kuishusha hadi 1.2, na hapo MC-60, kanda ya dakika 60, ikabeba saa nzima kila upande badala ya nusu saa. Mabosi waliipenda swichi hiyo. Mimi sikuipenda hata kidogo. Utepe ukienda polepole hivyo, mawimbi ya sauti kali hubanana hadi hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, inashindwa kuyasoma, na f, s na sh hukaa hukohuko kwenye sauti kali. Shahidi "amefika" au "ameshika"? Unarudisha utepe, unasikiliza, unarudisha tena, na barua ya wakili haiwezi kuandikwa kwa kubahatisha.

Ndiyo maana naitetea Mini-Cassette ya Philips, ya 1967, ambayo wengi huibeza. Haina ile pini inayozunguka na kuvuta utepe kwa kasi moja. Gurudumu lenyewe linalokunja utepe ndilo linalovuta, hivyo kadiri linavyonenepa, ndivyo utepe unavyokwenda kasi. Kwa muziki ni balaa. Kwa imla si neno, kwa sababu wakati wa kusikiliza unene uleule unarudi mahali palepale. Ilibeba dakika 15 tu kila upande, na mimi naona hilo ni jema: mtu alilazimika kupanga mawazo kabla ya kubonyeza kitufe.



Ukikuta kanda hizi kwenye kabati la mzazi na unataka kuzihamishia kwenye kompyuta, usichanganye Mini na Micro. Zinafanana kwa macho, lakini kila moja ina mashine yake. Na kama sauti ya Microcassette inatoka nyembamba na ya mbiombio, shusha swichi hadi 1.2. Huenda ni huyo bosi aliyetaka kubana utepe.