Mpwa wangu si jambazi

Mtoto wa dada yangu hapa Bombo, Uganda, ana miaka 13, na mtaani wameshampa jina: jambazi. Ameiba dukani kwa jirani, amevunja vioo vya bodaboda, hulala nje. Juzi nilimkuta amemfunga paka kwa waya. Shemeji kila siku kiboko mkononi.

Tukampeleka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Daktari hakumgombeza. Aliuliza yalianza lini, shuleni anaelewa masomo, nani anampiga nyumbani. Akatueleza kuna ugonjwa wa mwenendo. Utundu wa siku moja hauhesabiwi. Wanatazama miezi 12 nzima: ukatili kwa watu na wanyama, kuharibu mali, wizi na uongo, kutoroka shule au nyumbani. Ukianza kabla ya miaka 10 huwa mzito zaidi, na mara nyingi huambatana na shida nyingine, kama kushindwa kutulia au huzuni.

Tiba yenyewe inaanzia kwa wazazi, na hili watu wetu hawapendi kulisikia. Kanuni chache zisizobadilika, adhabu bila fimbo, sifa papo hapo akifanya jema. Jana alirudisha chenji yote ya sukari. Dada akamwambia, “Asante mwanangu.” Mtoto akamtazama mama yake kana kwamba amesikia vibaya!

Walimu wangu, sheria ya 2016 imekataza viboko shuleni. Nawaomba msimfukuze tena. Mwite mjomba wake, nitakuja saa yoyote.