Pilipili mbuzi kwenye ndoo ya rangi

Wengi wanaoshindwa na pilipili mbuzi nyumbani hulaumu wadudu. Ukweli ni kwamba mara nyingi wadudu wameukuta mmea umeshachoka: mizizi imekosa hewa, au maua yamekuja Februari wakati Dar es Salaam inawaka. Ndoo ikitengenezwa vizuri na mbegu zikasiwa kwa wakati wake, kazi inayobaki ni ya robo saa kila jioni.

Kwanza jina, maana sokoni majina huchanganya. Tunazungumzia ile fupi, nene, yenye mikunjo, inayonukia kabla haijawasha. Kitaalamu ni Capsicum chinense, ukoo mmoja na habanero. Pilipili kichaa, ile nyembamba ndogo, ni ngumu zaidi na haihitaji kubembelezwa hivi.

Kwa pwani, sia mbegu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Miche itakaa chini ya paa masika yakimalizika, itahamia kwenye ndoo mwishoni mwa Juni au mapema Julai, na maua yatafunguka wakati usiku bado una ubaridi. Ua la pilipili likikutana na mchana wa zaidi ya nyuzi 32 na usiku usioshuka chini ya 24, chavua yake hudhoofika. Siku chache baadaye linadondoka likiwa zima pamoja na kikonyo chake, limekatika safi kama lililochumwa kwa mkono. Ukikuta maua ya hivyo chini ya ndoo Januari au Februari, usinunue dawa. Weka kivuli cha neti kuanzia saa sita hadi saa tisa, punguza mbolea ya naitrojeni, subiri. Walio Nairobi, Arusha au Njombe wana shida ya kinyume: Juni na Julai ni baridi mno, afadhali wasie Septemba.

Mbegu toa kwenye tunda lililoiva mpaka kwenye bega la kikonyo, si lile lenye ukijani. Vaa glavu. Zikaushe kwenye sahani, kivulini, siku 5 hadi 7. Usiku wa kuamkia kusia, loweka kwenye maji ya vuguvugu. Makopo ya mtindi yaliyotobolewa chini yanatosha. Funika mbegu kwa udongo usiozidi sentimita 1. Kisha jifunze subira, kwa sababu pilipili mbuzi haina haraka: siku 10 ni bahati, 21 ni kawaida, na zipo zinazotoka baada ya mwezi. Anayefukua kuangalia kama zimeota ndiye anayezikata vimizizi.

Kwenye kopo adui ni ugonjwa wa kinyausi. Mche uliosimama vizuri jana, leo umelala, na shina lake usawa wa udongo limesinyaa likawa kama uzi. Huo hauponi. Chanzo ni udongo uliolowa muda wote na miche iliyobanana. Mwagilia asubuhi, acha uso wa udongo ukauke kabla ya kurudia, na usiache zaidi ya miche miwili katika kopo moja.

Ndoo ya lita 20 ndiyo kipimo chake. Lita 10 itakupa mmea, lakini saa nane mchana utaukuta umeinamisha masikio. Ndoo ya rangi ya maji ikibanduliwa na kusuguliwa vizuri inafaa. Iliyobeba kemikali usijaribu. Toboa matundu 8 kwa msumari wa inchi 4 uliopashwa moto: sita kwenye kitako, mawili ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Kisha inyanyue juu ya vipande viwili vya tofali. Ndoo iliyokaa bapa juu ya sakafu ya saruji inazibwa matundu na sakafu yenyewe, hata ukitoboa ishirini.

Kokoto za chini, ambazo kila mtu anakushauri uweke, ziache. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hung'ang'ania juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Matokeo yake mizizi inapata nafasi ndogo na tope karibu zaidi. Kipande cha neti ya mbu iliyochakaa juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Mchanganyiko wa ndoo moja: lita 10 za udongo mweusi wa juu, lita 5 za samadi iliyooza, lita 5 za maganda ya mpunga au mchanga wa mto. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Samadi ya kuku ni nzuri na ndiyo inayoua miche mingi kuliko zote, kwa sababu watu huitumia mbichi. Ikae miezi mitatu ikigeuzwa. Ipo tayari ukiingiza mkono katikati ya lundo usisikie joto, na ukinusa usipate ule ukali unaopanda puani. Jivu nalo lina sifa kubwa kuliko linavyostahili. Udongo wa pwani uliokaa juu ya mawe ya matumbawe tayari una chokaa. Ukiongeza jivu, majani machanga yatageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kuwa mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma.

Hamisha mche ukiwa na majani 6 halisi, jioni. Usiuzike shina zaidi ya ulivyokuwa kwenye kopo. Ukifika sentimita 20 hivi, wapo wanaokata ncha ili utoe matawi. Si lazima. Pilipili mbuzi hugawanyika yenyewe kuwa panda. Chenye faida zaidi ni kunyofoa vichipukizi vyote chini ya panda hiyo, pamoja na maua ya kwanza, mmea ujenge mwili kwanza.

Maji ni suala la kidole. Kichomeke mpaka kifundo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Mmea mkubwa kwenye jua kali hunywa lita 1 hadi 2 kwa siku, na siku ya mawingu huenda usihitaji chochote. Maji ya kisima chenye chumvi hujitangaza kwenye kingo za majani, ambazo hukauka na kuwa kahawia kutoka nje kwenda ndani. Kama hayo ndiyo uliyonayo, kinga maji ya mvua kila upatapo nafasi na usuuze ndoo kwa lita 20 zake hata mara moja kwa mwezi.

Majani kunyong'onyea mchana na kuinuka magharibi si ugonjwa. Majani yaliyonyong'onyea saa moja asubuhi, udongo ukiwa umelowa, hayo ni habari nyingine. Ama mizizi imezama, ama ni mnyauko bakteria. Kuujua ni rahisi: kata kipande cha shina karibu na udongo, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye kidonda. Ukiziona, mmea huo hauna dawa. Funga kwenye mfuko, utupe, na udongo wake usiuchanganye na mwingine.

Mbolea ya dukani isizidi kijiko kimoja cha chai cha NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano sawa) kwa ndoo, kila baada ya wiki 4, ikizungushwa mbali na shina kisha ikamwagiliwa. Mmea wenye majani mapana ya kijani kizito na usio na ua hata moja umeshiba naitrojeni. Tunda lenye doa la kahawia lililobonyea kwenye kitako halijaumwa na mdudu: ni upungufu wa kalsiamu, na kwenye ndoo husababishwa zaidi na maji ya leo mengi kesho hakuna. Maganda ya mayai huoza polepole mno kuweza kuokoa msimu huu.

Sasa wadudu. Majani yaliyojikunja kwenda juu kama mtumbwi, tazama thripsi, vidudu vyembamba vinavyofyonza majani. Yaliyojikunja kwenda chini, yakawa membamba, magumu, yenye mng'ao upande wa chini, huyo ni utitiri. Hana hata robo ya milimita, kwa hiyo macho hayakusaidii, na watu wengi hung'oa mmea wakidhani ni virusi. Kata ncha zilizoharibika, kisha puliza salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, jioni, kamwe si siku ya joto kali wala karibu na siku uliyopuliza mafuta, maana vikikutana huunguza majani. Vidukari na inzi weupe hupungua kwa mwarobaini: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, zilale usiku mzima, chuja kwa kitambaa, puliza chini ya majani jua likizama. Mwanga wa jua huivunja dawa hiyo, kwa hiyo ya asubuhi ni kazi bure. Rudia kila siku 7.

Tunda huiva takriban miezi mitatu tangu kuhamisha mche. Kata kwa mkasi, kwa sababu kuvuta huvunja tawi. Ukali umo kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, si kwenye mbegu zenyewe; ukiukwangua, unabaki na harufu bila kilio. Mikono iliyowashwa ipake mafuta ya kupikia kwanza, halafu sabuni. Kuianika nzima pwani ni kuialika ukungu, ipasue katikati, au itie kwenye chupa na chumvi na ndimu.

Mmea mmoja hudumu miaka miwili au mitatu. Machi, kabla masika hayajakolea, punguza matawi yabaki sentimita 30, ondoa sentimita 5 za udongo wa juu na ujaze samadi. Matunda yakianza kuwa madogo kama punje za karanga hata baada ya kupogolewa, ng'oa. Ukikuta mizizi ina vinundu kama shanga, ni minyoo fundo: usirudishie humo nyanya, bilinganya wala pilipili nyingine. Lowesha udongo huo, utandaze juani chini ya nailoni angavu kwa wiki 6, kisha pandia mchaichai.