Gramafoni ya Babu: Kila Kipande na Mwaka Wake

Wanaoniletea gramafoni hapa karakana kwangu Ngamiani, Tanga, huanza na swali lile lile: "Fundi, hii ya mwaka gani?" Nami huwarudishia swali: kipande kipi? Gramafoni iliyoishi pwani yetu miaka themanini na kitu haikuishi peke yake. Ilishikwa na mafundi. Springi ilikatika ikawekwa ya mashine nyingine, mkono ukavunjika ukatafutwa mwingine, sanduku likaliwa na mchwa seremala akachonga jipya. Ukiitaka iwe na mwaka mmoja utaidanganya, na utajidanganya nawe.

Naandika haya kwa sababu ya gramafoni iliyoletwa na ndugu watatu, kaka wawili na dada yao, wajukuu wa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Ukoo mzima unajua kwamba babu aliipata "tangu enzi za Mjerumani." Kuna mtu amejitokeza kutaka kuinunua, na bei yake inategemea maneno hayo. Wakaniomba niwaandikie karatasi ya kuthibitisha.

Kwa macho inapendeza. Sanduku la mvule la mraba, pembe kubwa la shaba ya manjano lililofunguka kama ua, na mbele bamba la shaba lenye mbwa anayesikiliza na maneno "His Master's Voice." Mtu akiiona sebuleni hataki kuuliza zaidi. Mimi nilianza na bisibisi.

Kwanza nikakitoa kichwa, kile kiduara kinachoshika sindano mwisho wa mkono. Hicho ndicho kipande kinachosema ukweli upesi kuliko vyote, maana kampuni ya HMV, yaani His Master's Voice ya kwenye bamba, ilivipa vichwa vyake namba. Vile vya zamani vina kiwambo cha ulanga, ung'avu kama kioo chembamba, madini yale yale yanayopatikana milima ya Uluguru. Kiwambo cha hiki si ulanga. Ni alumini, imefinywa mikunjo, na usoni imeandikwa No. 5A. Kichwa namba 5 kilitoka mwaka 1927, miaka miwili baada ya santuri kuanza kurekodiwa kwa umeme, kwa sababu santuri hizo mpya zilibeba sauti nzito na nyembamba ambazo ulanga haukuzitendea haki. 5A ni ndugu yake mdogo. Mjerumani aliondolewa Tanga Julai 1916. Basi kichwa hiki hakikumkuta.

Kaka mkubwa akasema, na ana haki, kwamba kichwa hubadilishwa. Labda mashine yenyewe ni ya zamani zaidi.

Tukageuza ubao wa juu, ule unaobeba mota. Mota ni ya springi moja, chuma chake kimepakwa rangi nyeusi, na baada ya kufuta grisi iliyokauka kukaonekana jina Garrard. Hao ni watu wa Swindon, Uingereza, na kampuni yao ilianzishwa mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu. Hebu fikirini: kampuni ya Kiingereza iliyoanza wakati Waingereza na Wajerumani wanapigana, itamuuziaje mota mwenye shamba wa Kijerumani hapa Tanga? Mota za gramafoni walianza kuziuza vita vikiwa vimekwisha. Hapo dada yao akacheka, akasema, "Basi, kaka, Mjerumani tumwache."

Ubao wenyewe una habari zake. Chini ya mota kuna matundu matatu ya skrubu yaliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao, na hayalingani na miguu ya Garrard. Maana yake ubao huu ulibeba mota nyingine kabla ya hii. Pembeni umepunguzwa kwa msumeno wa mkono ili uingie kwenye sanduku la mvule, na upande usiokatwa bado una ukingo wa kiwandani, laini, wenye pindo. Kwa hiyo ubao ni mkongwe kuliko sanduku, na ni mkongwe pengine kuliko mota.

Mkono nao ni wa kampuni ya Columbia. Hadi mwaka 1931 Columbia na HMV walikuwa washindani wakubwa; mwaka huo ndipo kampuni zao mbili ziliungana kuwa EMI. Kichwa cha huyu hakikai kwenye mkono wa yule, shimo limepwaya. Fundi mmoja, sijui nani, alikata ukanda wa bati la mkebe, akauviringisha mara moja na nusu, akauingiza katikati kama kola. Upande wa ndani rangi ya mkebe bado ipo, buluu na nyeupe. Nilikaa nao mkononi kitambo. Kingo zimepigwa tupa zisikwaruze, na mshono umewekwa upande wa juu ili uzito wa kichwa usiufungue. Huyo alikuwa fundi aliyejua kazi yake, na sitaubadilisha ukanda huo hata nikipata kola ya kiwandani.

Ndani ya mota kuna alama nyingine ya mkono wa fundi. Gavana inayotunza mwendo ina vizito vitatu vilivyoshikwa kwenye vijibapa vyembamba vya chuma. Mota ikienda kasi vizito hutanuka, vinakivuta kisahani kuelekea kipande cha ngozi, nacho kinakuwa breki. Kibapa kimoja kati ya vitatu kimekatwa kutoka kwenye springi ya saa. Naijua springi ya saa nikiiona, nimezishika maisha yangu yote. Kina unene tofauti kidogo na wenzake, ndiyo sababu mashine ilikuwa inatetemeka. Nilikisawazisha, nikapaka mafuta mepesi, kwenye ngozi tone moja tu. Kisha nikachomeka kijikaratasi chini ya santuri na kukihesabu kinavyopita: mara 26 kwa sekunde 20. Hizo ndizo 78 kwa dakika, mwendo wa santuri hizi.

Sasa pembe, na hapa nitasema wazi kwa sababu wengi wanauziwa. Gramafoni za pembe la nje zilikuwa za miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Mwaka 1906 Victor wa Marekani walitoa Victrola, pembe limefichwa ndani ya kabati, na taratibu watu wakayaacha mapembe ya nje. Pembe la shaba la namna hii kukaa na kichwa 5A ni mavazi ya zama mbili. Bati lake ni jembamba, ukiligonga linalia juu juu. Lina vanishi mpya, na ndani kabisa ya shingo, mahali kitambaa hakifiki, shaba bado inang'aa. Pembe la miaka mia lingekuwa jeusi humo. Kisha kwenye kiwiko kuna skrubu za alama ya msalaba. Hakimiliki za skrubu hizo Henry Phillips alipewa mwaka 1936. Bamba la mbwa ni la kugongwa, herufi zimevimba, wakati viwandani chapa hiyo iliwekwa kama picha ya kubandika yenye rangi ya dhahabu juu ya mbao.

Mapembe haya na mabamba haya hutengenezwa India kwa ajili ya wapenda vitu vya kale. Huchukua mota ya gramafoni ya kubeba, wakaiwekea sanduku jipya na pembe, na mashine nzima inauzwa kama ya mwaka 1900. Utazikuta kwenye maduka ya watalii Mji Mkongwe. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mkono mara nyingi umefungwa mahali pasipo pake, sindano inapita kwenye mfereji kwa kukingama na kuichimba santuri. Santuri ya lakri ikichimbwa haina dawa.

Lakini ya hawa ndugu si ya namna hiyo, na hapa ndipo nilipomhitaji shangazi yao. Nilimwamkia kwa simu, nikamuuliza swali moja: ulipokuwa mdogo, sauti ilitokea wapi? Akajibu bila kusita kwamba ilitokea chini ya kifuniko. Ilikuwa sanduku jeusi la kubeba, lina mpini, babu yao alikwenda nalo kwenye harusi. Mchwa wakalila, na seremala wa Muheza akachonga hili la mvule mwaka wa Uhuru, 1961. Pembe halikuwepo. Lilikuja baadaye, mashine ilipopelekwa Dar kutengenezwa ikarudi imevalishwa. Nikamuuliza walikuwa wanasikiliza nini. "Siti, baba. Siti binti Saad, na Waarabu wa Misri."

Wajukuu hawakuliona hilo, lakini ndilo lililonifurahisha kupita yote. Siti alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodiwa na HMV mwaka 1928. Kabla ya hapo hapakuwa na santuri ya Siti kwa mtu yeyote. HMV walikuwa wameshatoa gramafoni yao ya kubeba namba 101 mwaka 1925, na namba 102 ikafuata 1931. Sanduku jeusi, kichwa cha alumini, Siti kwenye sinia: vyote vinakaa mahali pamoja.

Karatasi niliyowaandikia inasema hivi: ubao na kichwa, kutoka gramafoni za kubeba za mwisho wa miaka ya 1920 hadi ya 1930, mkono, Columbia, umeunganishwa na fundi wa hapa, mota, Garrard, iliwekwa badala ya nyingine, sanduku, mvule, Muheza, 1961, pembe na bamba, vya karibuni, havikuwa sehemu yake. Kaka mkubwa aliisoma mara mbili. Mnunuzi, nasikia, amepunguza bei, na wao wamekataa kuuza.

Pembe tumelitoa. Dada mtu anataka mashine icheze harusi ya binti yake mwezi wa nane, kwa hiyo natengeneza mlango mdogo wa sauti mbele ya sanduku, pale bamba lilipokuwa. Nimebakiza mpira wa kuzunguka kiwambo, ambao umekauka kama mfupa. Na sindano za chuma: kila upande wa santuri sindano mpya, nimewaambia. Mwenye pakiti ya zamani nyumbani kwake, Tanga au Pangani, anitafute.