Zaburi ya 136 Katika Sala Yetu ya Jioni

Familia yetu ni ya Kimoraviani, na tunaishi Mbeya, si mbali na Rungwe ambako wamisionari wa kanisa letu walifika mwaka 1891. Sala ya jioni kwetu ni urithi. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, haelewi nyumba ya Kikristo inawezaje kuzima taa kabla watu hawajakusanyika. Nilipoolewa niliikuta sala hiyo ikiwa ya mtu mmoja: mkubwa aliyekuwapo aliomba, sisi wengine tukafumba macho, na maneno yalikuwa yale yale ya kushukuru kwa uzima na pumzi, kwa kulindwa mchana kutwa, kwa kuwa wako wengi waliotamani kuiona siku hii wasiione. Hakuna lililokuwa la uongo humo, lakini watoto walikwisha kulikariri lote, na kabla ya kufika amina mdogo alikuwa amesinzia na kaka yake yuko mbali kwa mawazo.

Njia ya kutoka hapo niliiona katika Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa kiitikio kile kile, "kwa maana fadhili zake ni za milele", kwa hiyo inafaa sana mmoja akitaja na wengine wakiitikia. Kilichonivuta zaidi ni jinsi inavyotaja. Inaanza na mbingu, nchi, jua na mwezi, inapita katika safari ya kutoka Misri, inawataja hata wafalme wawili kwa majina, Sihoni wa Waamori na Ogu wa Bashani, halafu karibu na mwisho, baada ya makuu yote hayo, inamshukuru Mungu anayewapa chakula wote wenye mwili. Nikajiambia kwamba ikiwa Ogu alipata nafasi katika zaburi, mwenye duka aliyetukopesha unga naye anastahili kutajwa mezani kwetu.

Tuliihamisha sala kutoka wakati wa kulala hadi kabla ya chakula cha jioni, jambo ambalo mama mkwe hakulipenda mwanzoni, ingawa baadaye alikiri kwamba harufu ya maharage humfanya kila mtu awe na maneno machache. Kila mmoja hutaja jambo moja la siku hiyo hiyo, lenye mahali na mtu wake, na wote huitikia kwa maneno ya zaburi. Uzima na pumzi haviruhusiwi, kwa sababu tunajua tukivifungulia mlango kila mtu atajificha humo. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye zamani alibaki jikoni akisubiri tumalize, huketi nasi na zamu yake huja kama ya mwingine yeyote. Mume wangu ni dereva wa lori, na anapokuwa kwenye foleni Tunduma tunampigia na kuiweka simu katikati ya meza.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitoka kwa mama mkwe. Kwa malezi yake, mkubwa hamsifu mkwe wake usoni. Chakula kikiwa kizuri anakila, kikiwa na kasoro anasema. Jioni moja zamu yake ilipofika alimshukuru Mungu kwa blanketi lake lililofuliwa na kuanikwa mapema likapata jua, maana usiku wa Mbeya wa mwezi wa Julai hauna huruma kwa magoti ya mzee. Hakunitazama, wala hakunitaja, lakini blanketi nilikuwa nimelifua mimi, na kila aliyekuwapo alijua. Tuliitikia, tukala. Tangu hapo nimeamini kwamba katika nyumba zetu nyingi, ambako watu wanapendana lakini hawana desturi ya kuambiana, sala ndiyo mahali ambapo asante inaweza kusemwa bila mtu kuona haya, kwa kuwa inaelekezwa kwa Mungu na mhusika yuko hapo anaisikia.

Njia hiyo hiyo ina hatari yake. Haukupita muda kabla ya mtu mmoja kushukuru kwa kuwa "leo kijana fulani ameamka bila kuitwa mara tatu", na mwingine kwa kuwa chumvi imepungua. Hiyo ni lawama iliyovishwa kanzu, na tulikubaliana kwamba mwenye neno na mwenzake amwambie baada ya kula. Sala ya pamoja haipaswi kuwa baraza la usuluhishi.

Kijana wetu wa kidato cha pili ndiye aliyetusukuma mbali zaidi. Alirudi siku moja akiwa amekosana na rafiki yake mkubwa, na zamu yake ilipofika akasema hana kitu. Bibi yake alitaka kumhimiza, nami nilimwomba amwache, kwa sababu sioni kama Maandiko yanamlazimisha mtu mwenye maumivu kutabasamu. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu, "hata lini utanisahau, hata milele?" na imo katika Biblia ile ile. Siku hizi asiye na shukrani hutaja shida yake, na wengine huitikia maneno yale yale ya fadhili za milele, ambayo kwa maoni yangu huwa na uzito zaidi hapo kuliko yanapofuata habari njema.

Desturi ya mwisho tuliyoongeza ni kwamba mtu aliyetajwa, akiwa si wa nyumbani, aambiwe kesho yake. Mwalimu wa hisabati wa binti yetu alipelekewa salamu, na jirani aliyetuanulia nguo mvua ilipokuja ghafla. Mwenye duka, nilipomweleza kwamba jina lake lilitajwa katika sala yetu, alifurahi kweli, akasema amebarikiwa, kisha akaniuliza deni la unga litalipwa lini. Tulilipa Jumamosi iliyofuata, na jioni yake mume wangu, safari hii akiwa nyumbani, aliwahi zamu ya kwanza ili mtu mwingine asimtangulie kulishukuru deni lililokwisha.