Unga mweupe mmoja, vitu vitatu ndani yake

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni hapa Nairobi nilikabidhiwa kichupa chenye gramu tatu za unga mweupe. Humo mlikuwa na asidi ya benzoiki, naftholi-2 (asidi dhaifu) na naftalini, ile ya kufukuzia nondo kwenye nguo, gramu moja ya kila kimoja, na kazi yangu ilikuwa kuvitenga na kuvirudisha vikiwa safi. Mara ya kwanza niliharibu, na kosa nilikuwa nimelibeba tangu sekondari: niliamini kwamba asidi ikiwa kali zaidi, inamumunyika zaidi majini.

Ukizoea asidi za sekondari, ile haidrokloriki na salfuriki, utaamini hivyo tu, maana zote huingia majini bila ubishi. Asidi zenye kaboni nyingi hazifuati mtindo huo. Asidi ya benzoiki ina pKa 4.2 (pKa ni kipimo cha ukali: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) na fenoli, ndugu wa naftholi, ina 10 hivi, na kwa kuwa kila hatua moja ya pKa ni mara kumi, benzoiki ni kali kuliko fenoli mara laki kadhaa. Lakini tia kila moja katika mililita 100 za maji ya kawaida: fenoli itamumunyika gramu nane hivi, benzoiki gramu 0.34 tu. Kali ndiyo iliyogoma.

Mimi sikuwa nimeyapima hayo. Nilimumunyisha unga wote katika etha, kimiminika kisichochanganyika na maji, nikamimina kwenye faneli ya kutenganishia, nikaongeza maji yenye sodiamu haidroksaidi, besi kali, nikatikisa. Tabaka la maji nikalishusha, nikalitilia asidi ya haidrokloriki, na chengachenga nyeupe zikajaa bika. Nilifurahi kweli. Nikachuja, nikakausha, nikaenda kupima kiwango cha kuyeyuka nikisubiri nyuzi 122 za benzoiki. Sampuli ilianza kulegea kabla hata ya 100, ikaendelea kuvujavuja kama siagi, dalili ya kitu kilichochanganyika na kingine.

Mzee wa maabara, ambaye amewaona wanafunzi wengi kuliko wahadhiri wenyewe, aliinama akachungulia kimrija chenye sampuli.

“Kijana, ulianza na nini?”

“Haidroksaidi, Mzee.”

“Sasa mbona umeanza na rungu?”

Akachukua kalamu na kuchora ngazi nyuma ya daftari langu: benzoiki 4.2, asidi ya kaboniki 6.4, naftholi 9.5, na maji juu kabisa. Akaniuliza baikabonati, besi dhaifu kuliko haidroksaidi, ikipokea protoni (ile chembe ya haidrojeni ambayo asidi hutoa) inageuka nini. Asidi ya kaboniki, nikamjibu. Basi, akasema, aliye chini ya kaboniki kwenye ngazi hii ana nguvu ya kuisukumia baikabonati protoni yake, na aliye juu yake hana. Benzoiki iko chini. Naftholi iko juu. Ile haidroksaidi yangu ilikuwa imewanyang’anya protoni wote wawili kwa pamoja, wakaingia majini wakiwa wameshikana mikono.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachotokea. Pete za kaboni ni ukoo wa mafuta, hazina hamu na maji. Ila molekuli ikishatoa protoni inabaki na chaji hasi, na chaji maji huikumbatia. Ukali wa asidi basi hauniambii kama itamumunyika majini. Unaniambia ni besi ipi inayotosha kuiingiza. Ndiyo maana vinywaji vingi vya chupa huwekwa sodiamu benzoeti badala ya asidi yenyewe: chumvi hiyo humumunyika majini zaidi ya mara mia kuliko asidi.

Nikapewa gramu tatu nyingine. Safari hii nilianza na baikabonati, ndugu mpole wa magadi tunayotilia githeri. (Magadi yenyewe nisingethubutu. Mna kabonati pia humo, na hiyo ina nguvu ya kuvuta naftholi kiasi.) Nilichosahau ni gesi. Benzoiki na baikabonati hutoa kaboni dioksaidi, nami nilitikisa faneli kama chupa ya dawa ya kikohozi bila kufungua koki. Kizibo kiliruka kikagonga kioo cha kabati la mvuke. Etha nayo ilichangia: kwenye vitabu huchemka kwa nyuzi 34.6, lakini kwa mwinuko wa Nairobi, hewa ikiwa nyepesi hivi, huanza chini kidogo ya 30. Ukilishika faneli kwa viganja vya moto unaipikia etha mkononi. Tangu hapo nilikuwa natikisa mara mbili, nageuza mdomo chini, nafungua koki, naisikiliza ikipumua.

Maji ya baikabonati nikayaweka kando. Sasa ndipo nikaleta rungu, haidroksaidi, nayo ikaichukua naftholi peke yake. Kwenye etha ikabaki naftalini, ambayo haina protoni ya kumpa yeyote.

Nilitia asidi katika kila bika mpaka karatasi ya litmasi ikawa nyekundu. Benzoiki ilishuka kama theluji. Hiyo niliiosha kwa maji baridi na kwa kubania, maana hata hiyo 0.34 ni hasara ukiwa na gramu moja tu. Kwenye kipimo ikayeyuka kwa 121 hadi 122. Naftholi nayo 121 hadi 122! Nikahisi nimerudia kosa lilelile. Mzee akacheka, akachota chembe za huku na za kule, akazisaga pamoja na kuzipima: zikalegea mapema, kama zile za mara ya kwanza. Ni vitu viwili tofauti, vimekutana tu kwenye namba.

Benzoiki nilipata gramu 0.81, naftholi 0.74. Naftalini 0.5, kwa sababu niliiacha juu ya maji moto muda mrefu baada ya etha kwisha, nayo ikapaa. Jioni kwenye matatu mama mmoja aliyeketi kando yangu alinusa, akanusa tena, akanigeukia: “Kijana, hiyo shati umeitoa kwenye sanduku la nyanya yako?”