Ua la Kupigia Magoti

Nilipokuwa nasoma Stellenbosch, Afrika Kusini, nilipanga chumba cha uani kwa bibi mmoja mstaafu. Nilimwita Tannie, kama vijana wa huko wanavyowaita wanawake wa umri wake. Kibaraza chake kilijaa vyungu vya mchanga na kokoto, na kiangazi kizima, Novemba hadi Machi, hakuvitilia hata tone la maji. Kwetu Moshi chungu kikiachwa hivyo, wageni wanasema mwenye nyumba mvivu. Kumbe vyungu vilikuwa na matunguu, mimea yenye vichwa ardhini kama vitunguu, na mengi ya upande ule wa Rasi hulala jua linapowaka na huamka na mvua za baridi.

Jioni moja ya Juni mvua ilipokatika, akaniita. "Piga magoti hapa."

Ilikuwa Massonia depressa. Majani mawili tu, mapana, yamelala bapa juu ya kokoto, na katikati yake fungu la maua meupe yaliyokaa chini kabisa, kana kwamba shina lilisahauliwa. Jirani yake, Lachenalia viridiflora ilikuwa imechanua kwa rangi ya feruzi, adimu sana kwa maua, na macho yangu yakawa huko.

"Hiyo ni ya kutazama," Tannie akasema. "Hii unainusa."

Ilinuka hamira, kama unga wa maandazi uliokwisha umuka. Wateja wake si nyuki, akanieleza, ni panya wadogo wa porini wanaokuja usiku kulamba nekta na kuondoka na chavua usoni. Watafiti walilichapisha jambo hilo mwaka 2001. Ua limekaa chini kwa kuwa mgeni wake anatembea chini. Kuanzia hapo ile feruzi ya jirani nikaiona ya kujionyesha tu.

Kibarazani panya hao hawakuwepo. Hata wangekuwepo, paka wangewamaliza. Basi Tannie, ambaye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, akanipa brashi ndogo ya kuchorea nihamishe chavua kutoka chungu kimoja hadi kingine. Nekta ilikuwa nzito ajabu, imeganda kati ya stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua, ikawa inavutika na nywele za brashi.

"Mbegu zikipandwa, zitachanua lini?" nikamuuliza.

"Miaka mitatu hivi, ukibahatika."

Viza yangu ilikuwa inaisha mwaka uliofuata. Nikafuta brashi, nikahamia ua la pili.