Mtu wa Lamu hakukosoi usoni

Kwenye somo la kupima programu, mhadhiri wetu huanza na kuwaza kwa sauti. Unampa mtu simu na kazi ya kufanya, naye aseme kila linalompitia kichwani huku wewe ukiandika. Njia hii Clayton Lewis aliiingiza kwenye fani yetu mwaka 1982, akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM. Baadaye Jakob Nielsen, mtafiti wa fani hiyohiyo, akashauri kwamba watu 5 wanatosha kufichua kasoro nyingi. Chuoni Nairobi inakwenda vizuri. Wenzangu ukiwapa kitu wakikosoe, watakikosoa bila simile.

Sasa ilete Lamu. Mradi wangu ni programu ya kuwekea nafasi kwenye boti za Mokowe, gati la bara ng'ambo ya kisiwa chetu, na kwa sasa ni michoro ya penseli tu, kila karatasi skrini yake. Nilimpelekea ami yangu, nahodha. Akazipitia karatasi taratibu, akanirudishia zimepangwa sawasawa. "Mashaallah, mwanangu. Mungu akuzidishie." Wa pili vivyo hivyo, na kahawa juu. Watu 5 wa hapa watakupa dua 5.

Si uongo, ni adabu. Nani amtahayarishe mtoto wa nduguye kwa ajili ya karatasi?

Dawa niliipata kwa Naomi Miyake wa Japani, aliyeandika mwaka 1986 kuhusu watu wawili wawili wakihangaika kuelewa cherehani inavyoshona. Wawili hawahitaji kuambiwa wawaze kwa sauti. Na sisi kubishana na rika ndiyo burudani ya alasiri! Basi nikamkalisha ami barazani na sahibu yake, karatasi katikati.

"Bonyeza hapa."

"Panauliza saa ya safari."

"Weka saa tatu."

"Saa tatu kasema nani? Boti ikijaa saa mbili u nusu, nangoja nini?"

"Basi weka saa mbili u nusu."

"Na isipojaa?"

Wakanisahau kabisa, nami naandika mbio. Skrini nzima ya kuchagua saa, ile niliyoipenda kuliko zote, haina kazi. Boti hizi huondoka zikijaa. Abiria anataka kujua nafasi zimebaki ngapi. Kisha sahibu akaweka dole gumba lake, la mtu aliyevuta kamba maisha yake yote, likafunika "Ndiyo" na "Hapana" kwa pamoja. Mwanasaikolojia Paul Fitts alishaonyesha tangu 1954 kwamba shabaha ikiwa ndogo na mbali, mkono huchelewa kuifikia, na yeye hakupimia watu kwenye boti inayoyumba. Vitufe vyangu sasa vinajaza upana wote wa skrini. Vibaya kwa macho, lakini vitabaki hivyo.

Imebaki zamu ya abiria. Mamangu ashajitolea pamoja na jirani yake, na nasikia ubishi umeshaanza jikoni kabla sijawapa karatasi.